Dakika Tatu Hadi Ncha ya Magharibi

Barua ya ukaguzi ilikuwa na kurasa sita, na mkuu wa kikosi cha zimamoto aliisoma yote, jambo ambalo meneja wa uwanja hakulifanya. Meneja alisoma ukurasa wa kwanza, akaona maneno "ukaguzi wa kawaida", akaigonga muhuri na kumpa mfagiaji aipeleke banda la zimamoto. Mkuu wa kikosi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye uwanja mzima ulimwita Mama Pampu, kwa sababu kazi aliyoanza nayo ilikuwa kuendesha pampu. Alivaa miwani, akavuta kiti mlangoni penye mwanga, akasoma neno kwa neno. Alipofika ukurasa wa nne alirudi nyuma mistari miwili, akasoma tena. Kisha akaivua miwani na kuifuta, akidhani kosa ni la vioo.

Ukurasa ule ulisema saa itaanza kuhesabu pale kengele itakapolia, mkaguzi akiwa amesimama ndani ya banda, na injini ya gari ikiwa baridi. Ndani ya dakika tatu gari liwe limefika popote mkaguzi atakapochagua kwenye njia ya kurukia ndege, na povu liwe linatoka. Likichelewa, uwanja utashushwa daraja siku hiyo hiyo, na uwanja wa daraja la chini haupokei ndege ya abiria. Ndege yenyewe ilikuwa moja tu, ya viti arobaini na sita, Jumanne na Ijumaa. Ikikata mguu hiyo, kinachobaki ni lami ndefu ya kuanikia nafaka.

Dakika tatu hazikumtisha. Kikosi chake kilifanya zoezi kila mwezi kwa miaka kumi na moja, na muda wao haukuwahi kufika hata dakika mbili na sekunde arobaini. Kilichomkwama kooni ni lile neno "baridi".

Tuseme ukweli: injini ya gari lile haikuwahi kuwa baridi siku ya zoezi. Katika mwezi wa kwanza wa ukuu wake, kengele ilipigwa bila taarifa, na mmoja wa watu wake, jamaa mwenye urefu wa mlango waliyemwita Mrefu, akatoka mbio na buti moja mguuni, akateleza kizingitini na kuvunjika mtulinga. Mama Pampu alimpeleka hospitali mwenyewe, na moyo ulimuuma. Siku iliyofuata alipanda mnara wa kuongozea ndege kumwona mwongoza ndege, ambaye ni mdogo wa marehemu mumewe, akamwomba: shemeji, kwa muda tu, kabla hujapiga kengele utupigie simu. Shemeji mtu ana adabu zake, akakubali. Hayo ya "kwa muda tu" yakazaa miaka kumi na moja. Simu ililia, watu wakavaa taratibu, dereva akaipasha injini, wakakaa vitini wakisubiri kengele kama wasafiri waliowahi kituoni.

Basi asubuhi ile Mama Pampu akapanda tena ngazi za mnara, sitini na mbili kwa idadi, akafika juu anahema.

"Karibu, shemeji," alisema mwongoza ndege. "Leo umekumbuka kwamba nipo hai?"

"Sina muda wa utani. Hivi siku ya zoezi, saa unaanza kuibonyeza lini?"

"Nikiwaona."

"Ukituona wapi?"

Shemeji akanyoosha kidole dirishani. "Si pale, mnapochomoza kwenye kona ya jengo la abiria."

Mama Pampu akasogea dirishani. Alitazama kona ya jengo, akatafuta banda lake la zimamoto, na banda halikuonekana. Lilikuwa nyuma ya jengo, lote, mpaka paa. Alikuwa ameingia chumba kile mara mia, akanywa chai, akalalamikia ngazi, wala hakuwahi kusimama pale akatafuta banda lake mwenyewe.

"Na kabla hatujachomoza?"

"Kabla hamjachomoza siwaoni, shemeji. Nitahesabu kitu nisichokiona?" Alisema hivyo kwa upole, kwa nia safi kabisa, na ndipo uso ukaanza kumbadilika. "Kwani inatakiwaje?"

Mama Pampu alikuwa ameshageuka. Alishuka ngazi akiwa ameshika kamba ya ukutani.

Alasiri hiyo alikifanyia kikosi chake kitu ambacho hakikuwahi kufanyiwa. Aliingia bandani wakati dereva anakata kucha, Mrefu amejinyoosha kwenye benchi, na mwanamke wa bomba la povu, ambaye walimwita Kimya kwa sababu hafungi mdomo tangu asubuhi hadi jioni, anasimulia harusi ya binamu yake. Akaigonga kengele kwa nyundo, akabonyeza saa ya simu yake, akapaza sauti, "Ncha ya magharibi! Sasa hivi!"

Afadhali nisieleze yote yaliyofuata. Mkasi uliruka. Kimya alivaa suruali ya Mrefu, akapotelea ndani yake. Dereva, ambaye walimwita Gia kwa tabia yake ya kutaja kila gia anayoiingiza, aliwasha injini, akaachia breki, na gari likabaki pale pale likinguruma. Breki zake ni za upepo. Gari likilala, upepo unavuja, na mtungi ukiwa mtupu magurudumu hayaachii mpaka injini iujaze upya. Wakakaa wakiutazama mshale wa kipimo ukipanda kwa maringo. Walipofika ncha ya magharibi na povu likatoka, simu ilionyesha dakika nne na sekunde kumi na tisa.

"Simu hiyo mbovu," alisema Gia.

"Simu nzima. Wabovu ni sisi."

Akawaeleza yote, la simu na la kona ya jengo, bila kuficha kwamba chanzo ni yeye. Kimya mwenyewe alinyamaza. Mrefu aliugusa mtulinga wake kama mtu aliyekumbushwa deni. Walikuwa wamejiona hodari kwa miaka kumi na moja. Waliwahi hata kupigwa picha, ikatundikwa ukumbini, wamekunja mikono, videvu juu.

"Sasa tunafanyaje, Mama?" aliuliza Gia.

"Tuna siku tisa. Tunafika kwa dakika tatu za kweli, au tunawaambia watu uwanja umefungwa kwa ajili yetu. Mimi la pili siliwezi."

Uwanja wenyewe, kama unavyojua viwanja vya namna hii, haukuchorwa na mtu. Ulikua wenyewe, kipande kwa kipande. Mwanzo ulikuwa nyasi zilizofyekwa ili ndege ya barua na dawa ipate pa kutua, na mlinzi mmoja wa kufukuza mbuzi. Mlinzi alijengewa kibanda, kibanda kikavutiwa bomba la maji, na penye maji ndipo wakaweka pipa na ndoo za mchanga, wakaita zimamoto. Ikaja lami. Likaja jengo la abiria, likajengwa mbele ya kibanda kwa kuwa pale palikuwa tambarare. Ukaja uzio, likaja geti la mizigo, ikaja bustani. Mwisho likaja gari la zimamoto, mtumba kutoka uwanja mkubwa, nalo likapelekwa palipokuwa na ndoo, kwa kuwa huko ndiko zimamoto. Kwa hiyo gari la kuokoa watu lilitoka kwa kupita nyuma ya choo cha abiria, likazunguka kona, likasubiri geti lifunguliwe, likapenya kati ya vitoroli vya mizigo, ndipo likaiona ndege. Watu wenye akili timamu walipita pale kila siku na hakuna aliyeshangaa.

Siku nne za kwanza walipambana na vitu vidogo. Buti ziliwekwa sakafuni, suruali ikiwa imekunjwa ndani ya buti, ili mtu atumbukize miguu na kuvuta juu mara moja. Kila mmoja akapewa msumari wake wa kofia, na jina lake likaandikwa kwa chaki. Gari likawa linaingizwa kinyumenyume, pua nje. Mama Pampu akaenda kwa fundi wa matairi ng'ambo ya barabara, akamng'ang'ania mpaka akampa pampu yake ya upepo ya akiba. Wakaunganisha mpira kwenye mtungi wa breki, ukakaa umejaa mchana kutwa, na mpira ukachomoka wenyewe gari linapoondoka. Hapo peke yake waliokoa sekunde arobaini na nane. Kengele alikuwa akiipiga wakati wowote unaomjia: wanakula, wanaoga, Kimya yuko katikati ya sentensi. Mrefu alianza kulala kwa jicho moja.

Siku ya nne jioni walifikia dakika tatu na sekunde ishirini na moja, na hapo wakagota. Walirudia mara sita. Ishirini na moja, ishirini na tatu, ishirini na moja. Gia alishuka akapiga teke tairi.

"Mama, gari limefika mwisho. Mimi pia nimefika mwisho. Labda tulibebe."

Mama Pampu hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ametoka nje ya banda, amesimama, anatazama mbele. Mkono wa kushoto kulikuwa na njia yao ya siku zote, ya chooni na kwenye kona. Lakini mbele, moja kwa moja, kati ya jengo na uzio, kulikuwa na uwazi wa hatua ishirini unaokwenda hadi kwenye lami ya ndege. Uwazi ule ulikuwa bustani ya meneja. Ulikuwa na waridi, vijiwe vilivyopakwa chokaa, na katikati jiwe la ufunguzi lenye maandishi ya dhahabu, lililofunuliwa pazia na mheshimiwa fulani miaka mingi iliyopita.

"Usithubutu kufikiria," alisema Gia, aliyekuwa amefuata macho yake.

"Nimeshafikiria."

Asubuhi ya siku ya tano akaingia ofisini kwa meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutopenda makuu, na bustani ile aliimwagilia kwa mikono yake kabla ya kufungua mafaili. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Yaani unataka nilivunje jiwe la ufunguzi?"

"Silivunji, bosi. Nalihamisha."

"Mama Pampu, lile jiwe lilizinduliwa! Kulikuwa na bendi!"

"Na ndege ikiwaka moto, bendi itapiga tena?"

Meneja akashusha sauti, akaenda kuufunga mlango. "Sikiliza, dada yangu. Kwa nini tujitese? Nimezungumza na shemeji yako. Mkaguzi akishuka kwenye gari lake, shemeji yako atamwona toka juu. Atawapigia simu kama siku zote, nyinyi muwe mmeshavaa chini ya makoti, injini ya gari muwe mmeipasha. Mkaguzi atajua nini? Ataigusa injini? Ataondoka, tutapumua, kisha haya mambo ya bustani tutayazungumza kwa nafasi."

Mama Pampu alihisi hasira ikimpanda, na iliyomkasirisha zaidi ni kwamba njama ile ilikuwa rahisi, na kwamba nusu ya moyo wake iliipenda. Alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma. Kukubali kulihitaji kutikisa kichwa tu.

"Bosi, una saa?" aliuliza.

"Ninayo."

"Twende ncha ya magharibi. Ukirudi, ukisema bado tupigiwe simu, sitaitaja bustani tena."

Alimpeleka kwa pikipiki ya doria, akamwacha peke yake mwisho wa lami, juani, akamwambia: ukisikia kengele, hesabu, na wakati unahesabu fikiria kwamba ndege iko hapo mbele yako, ubavu unawaka, na mama yako yuko kiti cha dirishani. Mama yake meneja alikuwa anasafiri na ile ndege kila mwezi kwenda kwa daktari wa macho. Mama Pampu alijua, na alilisema makusudi.

Kengele ikalia kwa mbali. Meneja akatazama saa. Akatazama upande wa banda, hakukuwa na kitu. Dakika ikaisha, hakukuwa na kitu. Akajikuta amepiga hatua mbele, kisha akarudi. Jasho lilikuwa linamtiririka. Gari lilipochomoza kwenye kona lilikuwa dogo sana, na lilichukua muda mrefu mno kuwa kubwa. Povu lilipotoka, saa ilisema dakika tatu na sekunde ishirini na mbili. Mama Pampu alipokuja kumchukua, meneja alipanda pikipiki nyuma yake, na njia nzima aliitazama saa yake.

Kesho yake alfajiri, walipokuja kazini, walimkuta amepiga magoti bustanini, mikono ya shati ameikunja, anang'oa waridi moja moja na kuzitia kwenye makopo. Jiwe la ufunguzi lilihamishwa na watu wanane hadi mlangoni kwa abiria, likakaa upande kidogo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulinyoosha. Wakajaza kokoto, wakashindilia kwa gari lenyewe, wakirudi na kwenda mpaka ardhi ikakubali. Siku hiyo hiyo saa nane mchana wakapita katikati kwa mara ya kwanza, Gia akipiga kelele, "Ya tatu! Ya nne! Ya tano, jamani!" Dakika mbili na sekunde hamsini na nane. Kimya alilia machozi waziwazi, akasema ni povu limemwingia.

Siku mbili zilizobaki hawakupunguza. Wengine wangejipongeza wakalala. Mama Pampu aliwazungusha ncha ya mashariki, katikati, penye mteremko, mpaka ikawa hakuna mahali kwenye lami ile ambapo hawakuwahi kumwaga povu. Mwongoza ndege naye alimjia akiwa mnyonge, akamwambia, "Shemeji, ukitaka nikohoe tu kwenye redio..."

"Ukikohoa nitakuja huko juu nikukohoze vizuri."

"Basi. Nimekuuliza tu."

Mkaguzi alifika siku ya tisa saa nne asubuhi. Walimtarajia mzee mwenye kitambi; aliyeshuka alikuwa binti mwembamba, mwenye viatu vya kutembelea na begi mgongoni, umri wa mwanawe Mama Pampu. Alisalimia kila mtu kwa shikamoo palipostahili shikamoo. Akazunguka uwanja mzima kwa miguu, akahesabu taa, akapima uzio, akala ndizi mbili. Kisha akaja bandani, akagusa injini kwa kiganja, akaridhika kwamba ni baridi, akakaa kwenye benchi na kuanza kuandika mambo yake. Nusu saa ikapita. Kimya alikuwa ameanza kumuuliza kama ameolewa, na mkaguzi, bila kuinua uso, akanyoosha mkono akaipiga kengele.

"Ncha ya magharibi," alisema, akaruka ndani ya gari pamoja nao.

Mama Pampu hakukumbuka baadaye alivaaje. Alikumbuka mpira wa upepo ukichomoka, kokoto zikiimba chini ya matairi, uso wa meneja mlangoni ukipita kasi, na sauti ya Gia, "Ya tatu! Ya nne!" Hakuitazama saa hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mwisho wa lami. Gari likasimama, Mrefu akawa ameshafungua valvu, Kimya akakamata bomba, na povu jeupe likaruka juu na kutua likitandaa.

Mkaguzi akabonyeza saa yake. "Dakika mbili, sekunde hamsini na nne," alisema.

Gia akaukumbatia usukani. Mrefu akamnyanyua Kimya juu na povu lake. Mama Pampu akakaa kwenye ngazi ya gari na kucheka peke yake, na hakujali nani anamwona.

Walirudi ofisini kwa meneja kumalizia karatasi: mkaguzi, meneja na Mama Pampu. Chai ililetwa. Mkaguzi alifungua faili la mazoezi ya zamani, akafunua kurasa, na kadiri alivyofunua ndivyo paji la uso lilivyokunjamana.

"Uwanja unabaki na daraja lake," alisema. "Mmepita. Ila kuna kitu lazima nikiandike. Mwaka jana muda wenu wa wastani ni dakika mbili na sekunde thelathini na moja. Mwaka juzi, ishirini na tisa. Miaka yote kumi na moja mko hapo hapo. Leo mko hamsini na nne, na hata njia mmeifupisha." Akaanza kuandika, akisoma anachokiandika. "Kiwango kinatosha. Hata hivyo kikosi kimezorota kwa uzembe, na wahusika wapewe onyo."

Meneja akamkanyaga Mama Pampu mguu chini ya meza, taratibu, maana yake: nyamaza, tumepita, onyo ni karatasi tu.

Naye alinyamaza. Alijua akifungua mdomo nini kitatokea, na alijua pia kwamba miaka ya kustaafu haiko mbali. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje, kwenye kokoto, aliwaona watu wake wanakunja mabomba. Kiganja cha Gia kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimechubuliwa na usukani. Mrefu alikuwa amepungua, unaona kwa mbali. Kimya alikuwa anaeleza jambo kwa mikono miwili, na wote watatu wanacheka kwa haki yao. Kazi ya uaminifu kuliko zote walizowahi kufanya ndiyo hiyo ya leo, na ndiyo inayoandikwa uzembe.

Mama Pampu akautoa mguu wake chini ya kiatu cha meneja.

"Futa hiyo, mwanangu," alisema. "Hawajazorota. Hao wa leo ndio wa kweli. Waongo ni hizo karatasi."

Mkaguzi akainua kalamu.

Akamweleza. Hakumtupia lawama shemeji wala jengo. Alisema simu aliiomba yeye, kwa wema, na kwamba saa iliangaliwa toka mahali pasipoonekana banda, naye hakuwahi kuuliza, kwa sababu namba zilikuwa zinampendeza. Alisema mara ya kwanza walipojipima sawasawa walitumia dakika nne na zaidi. Aliposema hivyo, hapo tu ndipo alipoiona ile ndege ya Jumanne na Ijumaa, viti arobaini na sita, ikitua na kuruka miaka yote hiyo, watu wamejifunga mikanda wakiamini kuna mtu wa dakika mbili na nusu anawasubiri. Aliona aibu, aibu ya kutaka kujifunika uso, na hakujifunika.

Meneja alikuwa anatazama chai yake.

"Kila mwezi kwa miaka kumi na moja," alisema mkaguzi. "Ni mazoezi mia na thelathini na mawili, mama. Yana sahihi ya nani?"

"Yangu. Yote."

"Unajua kwamba hili siwezi kuliacha?"

"Najua. Liandike. Lakini ya uzembe uifute, tena uifute mbele yangu."

Mkaguzi akakata ule mstari kwa kalamu, mara mbili, akageuza karatasi upande wa pili na kuanza kuandika upya toka juu.

Barua ya majibu ilikuja baada ya wiki tatu. Aliyeileta bandani ni Gia, na aliileta ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa ilikuwa na jina lake pia. Alisimama mbele ya Mama Pampu akitazama sakafu, akahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Mrefu na Kimya walijitia hamnazo, wanapangusa kioo kilichokwisha kupanguswa.

Mama Pampu akavaa miwani, akasoma kurasa zote mbili. Uwanja unabaki na daraja lake. Kumbukumbu za mazoezi ya miaka kumi na moja zimefutwa. Mkuu wa kikosi ameondolewa kwenye uongozi na atarudi kuwa mwendesha pampu. Nafasi yake inachukuliwa na dereva.

"Mama, mimi sikuiomba," alisema Gia. "Nikikataa..."

"Ukikataa nitakuchapa. Ungempisha nani, Kimya? Atatuua kwa maneno."

Waliangua kicheko, hata Kimya, na kicheko kilipokwisha kila mtu alikuwa na jambo la kutazama upande wa pili. Ilimuuma. Alikuwa ameipenda ile nafasi, alipenda kuitwa mkuu, na hakujidanganya kwamba haumii. Akaikunja barua, akaitia mfukoni. Akaenda ukutani, akaitoa kofia yake kwenye msumari wa kwanza, akaitundika kwenye wa nne, na ile ya Gia akaileta kwenye wa kwanza.

"Haya, mkuu," alimwambia. "Zoezi la mwezi huu umelipanga siku gani?"

Gia alifungua mdomo ajibu, kama ambavyo angemjibu siku zote. Kisha akaufunga. Mara ya kwanza tangu aingie na barua, akamtazama usoni.

"Samahani, Mama," alisema. "Hilo sikuambii."